Simu ya Nyumba na Simu ya Mtu

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake huko lilikotoka ni waya. Katika Kiswahili cha zamani, kupiga simu kulikuwa ni kupeleka taarifa ya telegrafu. Baadaye maana ikapanuka, ikachukua pia sauti ya mtu anayesema akiwa mbali. Leo simu nyingi nchini Uganda hazina waya wowote, ila neno limebaki. Habari hii ya maneno ilitugusa sisi, watoto wanne wa mama mmoja, tulipolazimika kuamua kama waya unaoingia katika nyumba ya wazazi wetu mjini Mbale uendelee kulipiwa, au ukatwe na kila mtu ategemee simu yake ya mkononi.

Wawili kati yetu tunaishi Jinja, mmoja anaishi Kampala, na dada yetu mdogo anafundisha shule iliyo nje kidogo ya mji wa Mbale. Mama anaishi katika nyumba ile pamoja na mjukuu mmoja. Ametimiza miaka 79, macho yake yamepungua nuru, na presha humpanda mara kwa mara. Kutoka Jinja hadi kwake, kwa barabara ya Tirinyi, ni safari ya saa kadhaa hata dereva akiwa mwepesi. Kwa hiyo kila tulipozungumza juu ya waya, tulikuwa tunazungumza pia juu ya njia itakayopitiwa na habari siku itakapokuja habari mbaya.

Ninyi mnaosomea ualimu sasa huenda hamkuona jinsi simu ya nyumbani ilivyokuwa kitu adimu. Huduma hiyo iliendeshwa kwa pamoja na Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha Uganda ikaunda shirika lake yenyewe. Sheria ya mwaka 1997 ikaligawa shirika hilo. Posta ikashika njia yake, na simu zikaenda kwa kampuni ya Uganda Telecom. Kufikia hapo simu za mkononi zilikwisha kubisha hodi, kwani Celtel ilianza kazi mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Baba yetu, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha nguo Jinja, aliomba laini ya simu aliporejea Mbale baada ya kustaafu, akasubiri muda mrefu kabla ya kuipata. Namba za Mbale zilianza na 045, na za Jinja zilianza na 043. Mtu alijua sauti inatoka mji gani kabla hajajua ni sauti ya nani.

Kwa miaka mingi simu ile ilikuwa peke yake katika mtaa. Majirani walikuja kuitumia, na waliopigiwa waliitwa kwa kupazwa sauti juu ya ua. Mama alibeba salamu, bei za mahindi, habari za wagonjwa na za watoto waliozaliwa. Wakati mwingine habari ilifika kwa Kiswahili cha viwandani kutoka Jinja, naye akaipeleka kwa jirani kwa Kigisu. Meza ndogo ya sebuleni ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kula nasi chakula hata siku moja.

Tofauti kati ya simu hiyo na ya mkononi huonekana katika sarufi tunayoitumia kila siku. Enzi za waya tulisema, "Tumepiga nyumbani." Kitenzi hakikuhitaji kauli ya kutendea wala kiambishi cha yambwa, kwa kuwa hatukumlenga mtu, kielezi cha mahali kilitosha. Simu za mkononi zilipoenea, tukaanza kusema, "Tumempigia Mama." Kiambishi -m- kikamteua mmoja tu, na asipopokea yeye hapana mwingine wa kupokea. Hata maswali ya mwanzo yamebadilika. Zamani aliyenyanyua simu aliuliza, "Nani mwenzangu?" kwa sababu mahali palijulikana lakini mtu hakujulikana. Siku hizi aliyepiga huuliza, "Uko wapi?" kwa sababu mtu anajulikana lakini mahali hapajulikani.

Kaka yetu wa Kampala ndiye aliyetangulia kusema waya ukatwe, na hoja zake zilikuwa nzito. Tangu mwaka 2009, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini, pesa za dawa za Mama humfikia kwa simu ya mkononi; simu ya waya haiwezi kupokea hata shilingi moja. Simu ya waya haimfuati sokoni wala kliniki. Ada yake hulipwa kila mwezi, ipigwe isipigwe. Tena waya wa shaba una soko lake, na wezi wanalijua.

Dada yetu mdogo alitetea waya kwa hoja moja ya kiufundi. Simu ya kawaida ya waya hupata umeme wake kutoka katika kituo cha simu, kiasi cha volti 48, kupitia waya ule ule unaochukua sauti. Umeme wa mtaa ukikatika, simu hiyo huendelea kufanya kazi. Simu ya mkononi hutegemea betri yake, na betri hutegemea mtu anayekumbuka kuichaji.

Ili tusibishane kwa kukisia, tulimwomba mjukuu aandike katika daftari kila simu iliyoingia au kutoka kwa waya. Kwa mwezi mzima ziliandikwa simu kumi na moja tu. Saba zilikuwa zetu wenyewe, mbili za wazee wenzake Mama, na moja ya mtu aliyekosea namba. Simu ya kumi na moja ilipigwa usiku wa mvua, umeme ukiwa umekatika na simu ya mkononi ya Mama ikiwa imezimika. Presha ilikuwa imempanda, na maneno yake yalikuwa hayaeleweki. Mjukuu alinyanyua simu ya mezani, akapiga namba iliyoandikwa ukutani. Dada yetu akafika kwa gari la jirani, na kabla ya saa nane usiku Mama alikuwa mikononi mwa daktari.

Simu hiyo moja ingetosha kumaliza mjadala. Lakini wiki mbili baadaye wezi walikata nyaya za mtaa, na simu ya mezani ikanyamaza kwa siku kumi na tisa. Waya uliokuwa umemwokoa Mama usingemfaa kama presha ingepanda katika siku hizo. Basi tukawa na ushahidi wa pande zote mbili, na ada ya mwezi ikiwa imefika.

Tulikutana Mbale tukamweleza Mama yote mawili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siku nisipokuwapo, wanangu, mtapiga wapi?" Hakuuliza tutampigia nani. Hapo tuliona kwamba tulikuwa tumepima betri, ada na wezi, lakini yeye alikuwa akipima jambo jingine. Aliogopa kwamba simu ya nyumba ikiondoka, nyumba itabaki na watu wenye namba, lakini yenyewe haitakuwa na namba. Na atakapoondoka yeye, watoto wake wanne watakuwa na mengi ya kupigiana ila hawatakuwa na mahali pa kupiga.

Uamuzi wetu ulitokana na swali hilo. Tuliacha waya, lakini hatukuacha simu ya nyumba. Zipo simu za mezani zinazotumia laini ya kawaida ya mkononi; zina vitufe vikubwa vinavyomfaa mtu mwenye macho hafifu, zina mkono wa kunyanyua, na zina betri ndani yake. Tulinunua moja tukaiweka juu ya meza ile ile, tukaiunganisha na taa ya sola ili umeme ukikatika isizimike. Sharti ni moja: haitoki mezani. Mama ana simu yake nyingine ndogo ya tochi, ya sokoni na ya kupokelea pesa. Yule anayetafuta Mama humpigia Mama. Yule anayetafuta nyumba hupiga nyumbani.

Lilizuka tatizo ambalo hatukulitarajia. Tangu mwaka 2012 laini za simu nchini Uganda husajiliwa, na laini husajiliwa kwa jina la mtu mwenye kitambulisho. Nyumba haina kitambulisho. Mama mwenyewe alikataa isajiliwe kwa jina lake, akasema hataki namba izikwe pamoja naye. Tukaisajili kwa jina la dada yetu mdogo, aliye karibu zaidi, tukakubaliana kwamba yeye ni mtunzaji wala si mwenyewe. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila Jumapili jioni Mama hutumia simu hiyo kumpigia mmoja wetu kwa zamu, hata kama hana jipya la kusema.

Tunawaandikia haya ninyi walimu watarajiwa kwa sababu mtaingia katika madarasa ya watoto ambao hawajapata kushika simu yenye waya. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na mtakapofika katika kauli ya kutendea au katika ngeli ya mahali, mfano wa simu utawafaa. Waulizeni wanafunzi wenu tofauti iliyopo kati ya "Piga nyumbani" na "Mpigie Mama". Kisha waulizeni, katika nyumba zao, ni namba ipi itakayopokewa na yeyote atakayekuwapo. Wengi watazitaja namba za watu. Wasahihisheni sarufi yao pale inapohitaji kusahihishwa, lakini swali hilo la pili wapelekeeni wazazi wao nyumbani.