Mkeka wa Kuiga

Ninayo habari ambayo kwa muda mrefu niliona haya kuiandika, maana mimi ni mwalimu, na habari yenyewe ni ya mwalimu aliyetenda jambo lile lile alilomwadhibia mtoto. Lakini mama mmoja wa hapa kijijini aliniambia, "Usipoisema wewe, watoto wataisema, nao hawataisema vizuri." Basi nimeona ni heri niiseme mwenyewe.

Mimi nilizaliwa milimani, Usambara. Kwetu mikeka ya rangi haikusukwa. Tuliiona kwa watu waliotoka pwani. Mama yangu alikuwa nao mmoja, ulioletwa na baba kutoka Tanga, nao haukutandikwa ila kwa mgeni mkubwa au siku ya Krismasi. Siku nyingine zote ulivingirishwa ukawekwa darini, na sisi watoto tulipandishana mabegani ili kuugusa tu. Hata nilipokwisha kusoma katika chuo cha misheni, nikapelekwa kufundisha shule moja ya kando ya bahari, upande wa Pangani, jambo la kwanza nililolitazama si bahari, bali mikeka.

Labda wenzangu wa bara hawajui kazi yake, nami nitaieleza kidogo. Mkeka hauanzi kuwa mkeka. Huanza kuwa ukindu. Majani machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa mpaka yakageuka meupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Chane zinazotakiwa kuwa na rangi hutokoswa katika sufuria ya maji yenye rangi, na zile zisizotakiwa huachwa weupe wake. Ndipo mwanamke akae chini asuke ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, na mkono wake hausimami hata akizungumza, hata akiamua ugomvi wa watoto. Mkeka wa mtu mmoja kulala wataka ukili wa pima 20 na zaidi. Ukiisha, hukatwa vipande, na vipande hushonwa kwa shazia, ubavu kwa ubavu, mpaka mkeka ukatokea. Kwa hiyo msukaji hawezi kuuona mkeka wake wote mpaka siku ya mwisho, na akikosa rangi mwezi wa kwanza atalijua kosa lake mwezi wa tatu.

Kusuka nilifundishwa na akina mama wa jirani jioni baada ya shule. Vidole vyangu vilikuwa vigumu, na ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya mbuzi, lakini baada ya miezi michache ulinyoka. Hapo nikapata habari ya kwamba mdogo wangu ataolewa mwisho wa mwaka. Nikaazimia kumpelekea mkeka wa mkono wangu mwenyewe, wa rangi, ili wa kwetu waone kwamba sikukaa pwani bure.

Basi kusuka najua, lakini rangi sikujua nizipange vipi. Nilikuwa na pakiti nne kutoka dukani: nyekundu, kijani, zambarau na nyeusi. Nilizitazama kama mtu atazamavyo herufi za lugha asiyoijua. Jirani yangu, bibi mmoja mzee, alikuwa hodari kuliko wote kwa kupanga rangi, na mlango wake u karibu na njia niipitayo kila siku kwenda shule. Ningaliweza kumwuliza. Lakini mimi niliyezoea kuulizwa, kuuliza kuliniwia vigumu. Na tena nilijiambia kwamba bibi amechoka, kwamba ana wageni, kwamba macho yake yamuuma. Visingizio havimpati taabu mtu anayevitafuta.

Ikatokea matanga katika nyumba ile, na sote tukaenda kukaa. Ikatandikwa mikeka yake yote. Naona haya kusema, lakini wenzangu walipokuwa wameinamisha vichwa, mimi nami niliinamisha changu, nikahesabu. Nyekundu, kijani, zambarau, nyeusi; nyeusi tena; nyekundu. Nilihesabu kwa kidole chini ya upindo wa kanga yangu, nikaenda nyumbani nikaandika katika karatasi kabla ya kula.

Nilisuka miezi miwili na nusu. Siku nilipomaliza kushona niliutandika barazani, nikasimama mbali, na moyo wangu ukaanguka. Rangi zilikuwa zile zile za bibi, na mpango ule ule. Lakini mkeka wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini, na wangu ulipiga kelele. Nyekundu ilitetemeka kando ya kijani hata macho yakauma. Nikadhani rangi za dukani zimechujuka, au nimezitokosa mno.

Sasa sikilizeni jambo la upande wa pili. Katika juma lile lile nilikuwa nikisahihisha madaftari ya hesabu ya darasa la tano, nikaona wavulana wawili wa dawati moja wamekosa mahali pamoja: 7 mara 8 wameandika 54, kisha wameendelea na 54 yao mpaka mwisho. Watoto wawili waweza kupata jibu moja lililo sawa, kwa kuwa lililo sawa ni moja. Lakini makosa ni mengi kama mchanga, na wawili wakiokota punje moja, yakini mmoja amemtazama mwenziwe. Nikamwita aliyetazama, nikamsimamisha mbele ya darasa mpaka kengele ya mapumziko, nikasema kwa sauti kubwa, "Anayenakili ni mwizi wa akili ya mwenziwe." Maneno haya yalinipendeza sana wakati ule.

Jumamosi yake msichana mmoja wa shule, mjukuu wa bibi yule, akaja kuniletea maziwa. Akauona mkeka barazani, akasimama. "Mwalimu," akasema, "umenunua kwa bibi?" Nikamwambia la, nimeusuka mwenyewe. Akautazama tena, akaweka kidole juu ya mistari miwili myeusi iliyofuatana. "Lakini hii ndiyo myeusi miwili ya bibi," akasema, naye hakusema kwa ubaya. Kisha akaenda zake. Nilibaki na kibuyu cha maziwa mkononi. Mbele yangu hapakuwa na mkeka. Palikuwa na 54.

Sikulala vizuri. Nilijua ya kwamba Jumatatu darasa zima litakuwa limesikia. Asubuhi, baada ya ibada, nikauvingirisha mkeka wangu nikaenda nao kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu uketi." Akanitandikia, si mwingine, ila ule ule.

Nikaketi juu ya ushahidi, nikasema yote: matanga, kidole, karatasi. Bibi hakujibu neno. Akaniambia niutandike wangu kando ya wake, akainama akatazama kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo myeusi miwili si urembo. Mwaka ule mvua ilikata njia, na dukani zambarau hakuna. Binti yangu anaolewa Ijumaa. Penye zambarau nikatia nyeusi. Watu wakausifu mkeka, nami nikanyamaza. Hata leo! Na wewe umekaa usiku kucha unasuka mvua yangu."

Kisha akaacha kucheka. "Na nyeupe zangu ziko wapi?"

Nikamwambia kwamba nyeupe sikuihesabu, kwa kuwa si rangi. Ni ukindu mtupu. Naye akanionyesha kwa kidole: kati ya nyekundu na kijani kulikuwa na ukili mwembamba usiotiwa kitu, na kati ya kijani na zambarau mwingine. Mimi nilikaa juu ya mistari ile siku tatu za matanga wala sikuiona. "Nyeupe ndiyo inayowanyamazisha hawa wengine," akasema. "Nyekundu na kijani ni wake wenza, usiwalaze chumba kimoja." (Maneno haya ni yake, si yangu.)

Nikamwomba radhi kwa kumnakili. Akasema, "Mimi nami nimenakili." Mpango ule aliupata kwa shangazi yake, aliyekuwa na rangi mbili tu na weupe: nyeusi aliitoa katika mdaa, na manjano katika ungamo, maana zamani zile rangi zilitoka porini. Pakiti za dukani zilipomfikia bibi akatia nyekundu penye manjano, na kijani na zambarau akaziongeza kwa mawazo yake. "Macho hayana mlango," akasema, "hukuniudhi kwa kutazama. Umeniudhi kwa kuwa wapita hapa kila siku, asubuhi na jioni, wanisalimu, nami nakungoja uulize, wala huulizi. Ukaja kuniuliza kwa siri siku ya msiba wangu."

Kwa hilo sikuwa na jibu, wala sina hata leo.

Mambo mengine niliyasoma baadaye katika vitabu, nami nayataja kwa kuwa yalinifariji kidogo. Ile zambarau ya dukani ina historia ya ajabu. Mwaka 1856 kijana wa London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata, katika chupa yake akapata uchafu mweusi, na alipouosha kwa spiriti ikatokea rangi ya zambarau ipakayo hariri. Ndiyo mwanzo wa rangi za viwandani, ambazo baada yake zilienea dunia nzima hata zikafika katika sufuria zetu. Basi hata zambarau ni kosa lililosifiwa, kama myeusi miwili ya bibi.

Na habari ya wake wenza ilionekana Paris pia. Huko kuna kiwanda cha kale cha kufuma mazulia ya ukutani, kiitwacho Gobelins, na mwaka 1824 bwana mmoja mtaalamu wa kemia, Michel Eugène Chevreul, aliwekwa kuwa mkuu wa kutia rangi nyuzi. Wafumaji wakamlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi si nyeusi ya kutosha. Akazichunguza, akaona hazina kasoro. Kasoro i katika jirani. Nyeusi ikiwekwa kando ya buluu au zambarau, jicho huiona imefifia. Akachunguza miaka mingi, akachapisha kitabu kikubwa mwaka 1839, akaishi mpaka 1889, akafa mwenye umri wa miaka 102. Nilipomsomea bibi habari hii alisema tu, "Miaka 102! Na wafumaji wake je, walimwamini?"

Tena rafiki yangu alinionyesha picha za mifarishi ya wanawake Waafrika wa Marekani, wa kijiji kiitwacho Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, penye kona ya mto. Wazee wao walikuwa watumwa katika mashamba ya pamba, na hao waliwashonea watoto wao mifarishi kwa viraka vya nguo za kazi zilizochakaa, wapate joto katika nyumba zenye nyufa. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika nyumba ya sanaa mjini Houston, na watu wakaitazama kama picha za wachoraji wakuu. Katika picha zile mpango mmoja ulirudi mara nyingi, mraba ndani ya mraba, wauitao Paa la Nyumba. Mama ameushona, binti ameushona, jirani ameushona. Wala hakuna miwili iliyofanana. Nilizitazama kwa makini kuliko nilivyotazama siku ile ya matanga, nikitafuta mahali walipoishiwa na kitambaa, na kwa hakika nadhani niliviona vichache.

Jumatatu niliingia darasani na mkeka. Nikauning'iniza juu ya ubao, nikawasimulia watoto kila kitu, na msichana yule wa maziwa akafunika uso kwa daftari. Wakacheka sana. Yule mvulana wa 54 hakucheka. Akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "nawe ulisimama mpaka mapumziko?" Nikamwambia kwamba nilikaa, tena juu ya mkeka wenyewe, na kwamba ni vibaya zaidi. Nikamwomba radhi kwa lile neno la wizi. Kisha nikampa daftari la mwenziwe, nikalifungua mbele yake, nikamwambia, "Tazama upendavyo, ila kila mstari uniambie kwa nini umekuwa hivyo." Mstari wa kwanza alieleza, na wa pili. Wa tatu ulimshinda. Basi hapo ndipo tulipoanzia, na siku hizi huanzia hapo kwa wengi, ingawa kazi hii hula wakati, na mwalimu mwenzangu asema kwamba nawafundisha watoto kutazamia. Huenda ana haki kidogo. Siku ya mtihani madaftari hubaki nje.

Mkeka ule sikuufumua. Bibi alinisaidia kukata mishono minne na kuingiza nyeupe kati ya nyekundu na kijani, nao ukatulia, si kama wake, lakini ukatulia. Myeusi miwili tuliiacha. Mdogo wangu aliolewa juu yake, na wa kwetu wakauliza maana ya myeusi ile, nami nikawaambia ni mvua ya Pangani.

Sasa ninasuka wa tatu. Safari hii nataka manjano, si ya pakiti, bali ile ya ungamo aliyoitumia shangazi wa bibi. Bibi ameahidi kunionyesha unakopatikana, mvua zikiisha na njia ikikauka.