Mrs Tembe wa Saa Nane Kasorobo

Kwa sisi tunaofanya kazi za usiku hapa Uingereza, mchana ndio usiku wetu. Unarudi nyumbani watoto wakielekea shule, unajilaza saa chache, halafu usingizi unakatika wenyewe. Nilipohamia Northfield mwaka 2012 nilikuwa natunza wazee usiku. Saa saba mchana nilikuwa macho tayari, nachemsha chai ya maziwa na iliki, nawasha TV. Saa nane kasorobo, BBC One, ikaanza Doctors.

Kwa asiyeifahamu, Doctors ilikuwa tamthilia ya mchana kuhusu kituo cha madaktari kiitwacho The Mill, katika mji wa kubuni wa Letherbridge. Ilianza Machi 2000. Mji ulikuwa wa kubuni, lakini mitaa ilikuwa ya Birmingham: walirekodi kwanza Pebble Mill, baadaye wakahamia Selly Oak. Kutoka Northfield hadi Selly Oak ni vituo vitatu tu vya treni. Basi namba 63 nalo linapita huko huko. Nikawa naangalia hadithi huku nikiitambua barabara ninayopitia kwenda kazini.

Aliyenikalisha kwenye kiti, hata hivyo, ni mhudumu wa mapokezi, Mrs Tembe. Mwanamke wa Kiafrika, mtu mzima, nadhifu, mcha Mungu, mkali kwa utaratibu. Mgonjwa akipayuka, anamtazama mpaka anyamaze mwenyewe. Na karibu kila mtu, hata madaktari, walimwita Mrs Tembe. Mimi kazini wakati huo nilikuwa naitwa jina langu la kwanza, tena wamelikata nusu kwa sababu eti ni refu. Nyumbani Tanga, mwanamke wa umri wangu anaitwa Mama Fulani, na anayemwita jina tupu ni mkubwa wake au mkosa adabu. Kumwona mwanamke kama mimi anaheshimiwa jina lake kila siku, mbele ya nchi nzima, kulinipa nguvu nisiyoweza kuieleza vizuri kwa shoga zangu.

Aliyemwigiza ni Lorna Laidlaw. Aliingia Doctors mwaka 2011 na kukaa hadi 2019, na katika miaka hiyo Mrs Tembe alipanda kutoka mapokezi hadi umeneja wa kituo. Mume wangu hakumpenda. Siku moja alinikuta naangalia, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Huyu mama si Mwafrika wa kwetu," akasema. "Ni Muingereza mweusi. Hiyo lafudhi ameivaa tu kama kanga."

Alisema kweli. Laidlaw ni Muingereza, na sauti ya Mrs Tembe si sauti yake ya nyumbani. Nimelifikiria sana jambo hili. Kuna waigizaji wanaovaa lafudhi ya Kiafrika ili watu wacheke, na sote tunawajua. Laidlaw hakufanya hivyo. Mrs Tembe alichekesha, lakini pia alipenda, alihuzunika, alikosana na watu na kupatana nao. Nilimjibu mume wangu kwamba kanga inaazimwa, ila wako wanaoirudisha ikiwa imefuliwa. Hakucheka.

Mwaka 2019 Laidlaw alihamia Coronation Street kama Aggie Bailey. Tamthilia hiyo ilianza mwaka 1960, na akina Bailey ndio familia ya kwanza ya watu weusi kuishi katika mtaa ule. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 59. Tunapowaambia watoto wetu wawe na subira, tukumbuke na hilo.

Lakini Birmingham ilikuwa imetangulia kidogo. Kabla ya Doctors palikuwa na Crossroads, tamthilia ya moteli iliyotengenezwa hapa hapa na kampuni ya ATV kuanzia 1964. Mwenye moteli, Meg, aliigizwa na Noele Gordon. Mama huyu alikuwa sehemu ya historia ya TV tangu ujana wake, kwani mwaka 1938 John Logie Baird alimtumia katika majaribio yake ya picha za rangi. Katika miaka ya 1950 aliendesha kipindi cha mchana cha ATV kiitwacho Lunchbox. Crossroads ikamfanya kipenzi cha mamilioni, na mwaka 1981 akaachishwa kazi ghafla, baada ya miaka 17. Alifariki 1985. Mwaka 2023 ITV walionyesha tamthilia ya maisha yake iitwayo Nolly, Helena Bonham Carter akiwa yeye.

Katika Crossroads hiyo hiyo, mwaka 1970, aliingia binti mweusi aitwaye Cleo Sylvestre kama Melanie, binti wa kulea wa Meg. Miaka miwili tu kabla yake, Aprili 1968, Enoch Powell alikuwa ametoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji katika hoteli moja ya mji huu huu. Kisha jioni familia za Kiingereza zinakaa kula, na msichana mweusi anamwita Meg mama. Sylvestre alifariki Septemba 2024. Ningependa wanetu walijue jina lake kama wanavyowajua wanamuziki.

Nimeyafuatilia haya yote kwa sababu yameingia nyumbani kwangu. Binti yetu ana miaka 17. Mwaka jana, tukiwa mezani, alisema hataki tena kuomba ufamasia. Anataka kusomea uigizaji.

Mume wangu aliweka kijiko chini. "Tumebeba maboksi miaka yote hii ili wewe ukaigize?"

"Baba, sisemi nitakuwa nyota," akajibu. "Nasema nataka kujifunza kazi."

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika Tanga. Bibi yake akapiga simu, shikamoo haijaitikiwa vizuri, akauliza kama mtoto amerogwa. Shangazi akasema waigizaji ni wahuni. Nikamkumbusha shangazi kwamba utotoni tulipokwenda likizo Mombasa, ni yeye aliyetufukuza sebuleni ili asikie Vitimbi vizuri, na hakuna aliyethubutu kumwita Mama Kayai mhuni. Mary Khavere, aliyemwigiza Mama Kayai pembeni ya Mzee Ojwang, alizeeka machoni pa watu akiwa kama mama wa kila nyumba. Tunawapenda waigizaji ilimradi wawe watoto wa watu wengine.

Hata hivyo hoja ya mume wangu si ya kupuuzwa. Hakuzungumzia uhuni, alizungumzia mkate. Na mwaka tuliokuwa tukibishana ulimpa ushahidi. Oktoba 2023 BBC walitangaza kwamba Doctors itafungwa. Walitaja gharama za kutengeneza tamthilia zilivyopanda, na kwamba jengo la Selly Oak lingehitaji ukarabati mkubwa au kuhamwa. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 14 Novemba 2024, baada ya miaka 24 na sehemu zaidi ya 4,000.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa kipindi cha kuangalia. Karibu kila sehemu ya Doctors ilikuwa na mgonjwa na mkasa wake wa siku hiyo, kwa hiyo kila wiki walihitajika waigizaji wageni. Ndiyo maana vijana wengi walionja kamera hapo kwanza. Eddie Redmayne alipita, Phoebe Waller-Bridge alipita, Emilia Clarke alipita mwaka 2009, wote kabla ya kujulikana. Waandishi, mafundi wa sauti, washona mavazi na wapambaji nao walikulia hapo. Mtoto wa Northfield alikuwa na mlango vituo vitatu kutoka kwao, na mlango huo umefungwa.

Basi tulikaa, sisi watatu, tukakubaliana mambo ambayo huenda yakamfaa mzazi mwingine. Kwanza, ataomba kozi ya chuo kikuu yenye shahada, ili njia ya ualimu au kazi nyingine ibaki wazi. Hapa Birmingham ipo hata Royal Birmingham Conservatoire, inayofundisha uigizaji. Pili, kabla ya kuomba, hakikisheni hali ya ukaazi wa mtoto inamruhusu kupata mkopo wa masomo, maana familia nyingi zetu hugundua hilo dakika za mwisho. Tatu, wakala wa kweli hukata asilimia yake kwenye malipo ya kazi aliyokupatia. Anayedai pesa kwanza, mkimbieni. Nne, akianza kazi ajiunge na Equity, chama cha waigizaji, kwa sababu yaliyompata Noele Gordon yanaweza kumpata yeyote. Na mwenye mtoto mdogo ajue kwamba anayeigiza akiwa bado na umri wa shule ya lazima kwa kawaida huhitaji leseni ya halmashauri.

Mume wangu amekubali fomu zijazwe. Hajasema ameridhika, na mimi simlazimishi aseme. Hofu yake nami ninayo. Nikimtazama binti yangu naona miaka ya kodi isiyolipwa na simu zisizopigwa. Lakini naona pia kwamba kuna mwanamke fulani, sijui yuko mtaa gani, anayerudi kutoka zamu ya usiku na kuwasha TV, na si haki akose mtu wa kumtazama.

Kwa usaili binti ametakiwa kuandaa kipande kifupi. Amekiandika mwenyewe, kuhusu muuza samaki wa Tanga anayegombana na mteja asiyetaka kulipa. Juzi alikuwa anafanya mazoezi ukumbini, akitamka maneno ya Kiswahili kwa ulimi wa Birmingham, mimi nikiwa napiga pasi. Sauti ikatoka jikoni: "Siyo hivyo. Muuza samaki hamwombi mteja, anamsuta. Anza tena."

Akaanza tena.