Ngano Hazisimuliwi Mchana

Mwanafunzi yeyote aliyepitia mfumo wa 8-4-4 anaijua Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kitaifa wa Kiswahili: alama 80, maswali manne, kila swali alama 20, na fasihi simulizi ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Anajua kuwa hodiya ni nyimbo za kazi, kuwa kimai ni nyimbo za mabaharia na kuwa nyiso huimbwa jandoni. Ukimwamsha usiku wa manane atakutajia sifa tano za mtambaji bora bila kupepesa macho. Lakini mwulize ni lini alipomsikiliza mtambaji, awe bora au duni, akitamba. Kimya kinachofuata swali hilo ndicho kilichotukutanisha sisi walimu wachache, wengi wetu tukiwa tumehitimu chuoni juzi, tukaunda chama cha kukuza fasihi simulizi katika shule za sekondari. Nimekuwa katibu wa chama hicho tangu siku ya kwanza, nami nawaandikia nyinyi mnaojiandaa kuingia darasani.

Hatukuanza jambo jipya, wala tusijigambe. Mnamo 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na masomo ya fasihi yaanzie Afrika, fasihi simulizi ikiwa mhimili wake. Mnamo 1974 walimu walikutana katika shule ya Nairobi School wakajadili namna fasihi inavyofundishwa katika shule za sekondari. Fasihi simulizi ikapata nafasi katika silabasi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na yeyote anayeibeza hajui ilikotolewa. Hata hivyo, kilichoingia darasani kilikuwa zaidi orodha ya tanzu na vipera, na orodha haina sauti.

Kuhusu uendeshaji wa chama sina mengi ya kupamba. Ada ni shilingi 500 kwa mwaka, na wanaoilipa kwa wakati unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mikutano hufanyika Jumamosi alasiri kwa sababu asubuhi walimu huwa na vipindi vya ziada. Akidi ikikosekana tunazungumza tu, tunakunywa chai, tunarudi makwetu. Asikudanganye mtu: chama cha kitaaluma huendeshwa na wale wawili watatu wanaojibu barua. Kila mwalimu mkuu niliyemwendea aliuliza kwanza kama jambo letu linatahiniwa. Nilijifunza kujibu kuwa linatahiniwa, kwa kuwa ni kweli, kisha nikaomba nililotaka kuomba.

Jambo lililotufunza maana ya kazi yetu lilitukia katika shule moja ya kutwa huko Ukambani. Tulikuwa tumemwalika ajuza mmoja, mtambaji anayesifika kijijini mwake. Wanafunzi walimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Kipindi kilikuwa saa nne asubuhi. Susu aliketi, akasalimu, akatazama dirishani jua lilipokuwa limefika, kisha akasema kwa upole kwamba ngano hazisimuliwi mchana. Mwalimu wa darasa akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Susu alikuwa tayari kutueleza jinsi kijiji kile kilivyoanzishwa, methali alitupa tele, lakini ngano hata moja hakutoa. Kengele ikalia.

Jioni hiyo chama kilikaribia kugawanyika. Wapo waliosema kuwa huo ni ushirikina na kuwa hatuwezi kuacha mwiko uamue ratiba ya shule. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tulisema kuwa mwiko huo ni sehemu ya utanzu wenyewe. Jamii nyingi za Kenya zina katazo kama hilo, na si vigumu kuona kazi yake: mchana ni wa shamba, mifugo na maji, atakayewakusanya watoto na kuwatambia mchana atakuwa amewaondoa kazini. Usiku nao una giza linalomsaidia fanani, uchovu unaotaka kuliwazwa, na moto unaowafanya watu waketi karibu karibu. Vitabu vyetu huliita jambo hilo muktadha wa uwasilishaji na kuliwekea aya moja. Darasa lile lilikuwa limelipata bila aya yoyote, kwa kunyimwa ngano.

Tukahamia shule za bweni. Tuliomba jioni moja tu kila muhula, baada ya chajio, katika muda wa masomo ya jioni. Baadhi ya walimu wakuu walikataa. Muda huo ni wa marudio na wazazi wameulipia. Waliokubali walitupa ukumbi wa kulia, na meza zikasogezwa ukutani. Susu alikuja tena. Alitamba kwa Kikamba, na wanafunzi wawili wakawa wakalimani, mmoja akikosoa tafsiri ya mwenzake hadi hadhira ikawa na ngano mbili za kucheka badala ya moja. (Kuna mwanachama aliyelalamika kuwa tukio hilo halikuwa la Kiswahili. Nilimwuliza ni wapi pengine alipowaona wanafunzi wakigombania neno sahihi la Kiswahili saa mbili usiku.) Vilipofika vitendawili, Susu alitega kimoja kilichowashinda wote. Wakampa mji, kama ada inavyotaka. Wakampa Nairobi, akaikataa: huko, alisema, hata maji hununuliwa. Wakampa Mombasa. Akaikubali, akala samaki wake wote kwa maneno, ndipo akatoa jibu.

Tulimrekodi Susu usiku huo, na watambaji wengine baadaye katika shule nyingine. Rekodi hizo ndizo zilizotuletea mtihani wa kweli. Wakala wa kampuni moja ya uchapishaji, ambayo sitaitaja, alizisikia akataka kuzinunua ili azitilie katika kitabu cha marudio. Fedha alizotaja zilizidi ada zetu za miaka mingi. Jina la chama lingetokea kwenye jalada. Majina ya watambaji hayangetokea popote. Alituambia kuwa ngano ni mali ya umma.

Haikuwa kweli, na tulikuwa na pa kusimamia. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni ilipitishwa mwaka wa 2016, na inadai idhini ya wenyewe, itolewe mapema na wakijua wanachokiidhinisha. Lakini sheria hailipi nauli. Mweka hazina wetu aliuliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu: kati ya ngano iliyochapishwa bila jina na ngano iliyooza katika kabati la katibu, ni ipi iliyohifadhiwa? Tulipiga kura. Kumi na mmoja walikataa kuuza, tisa walitaka kuuza. Kabla ya mwaka kwisha saba kati ya hao tisa walikuwa wamejiondoa, mweka hazina akiwemo, na gari lake ndilo tulilokuwa tukisafiria. Naendelea kuamini kuwa wengi walipiga kura sawasawa. Siamini kuwa wale saba walikuwa wasaliti, na nimekataa mara mbili kuandika neno hilo katika kumbukumbu za mikutano.

Kura ile ilitulazimisha kufanya tulichodai kukitetea. Tuliandika fomu ya idhini kwa Kiswahili na kwa lugha za watambaji wenyewe, tukarudi vijijini kwa matatu. Wengine walitia sahihi upesi. Mmoja alidai nakala ya sauti yake kwa ajili ya wajukuu walio mbali, akapewa. Susu alitaka asomewe fomu yote mara mbili. Kisha akauliza ni nani watakaosikiliza, na kama watakuwa wameketi au wanapita tu. Aliidhinisha ngano mbili. Ya tatu aliizuia, akisema ni ya ukoo wa mamake na yeye si wa kuitoa. Tukaifuta mbele yake, kwa masikitiko, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Chini ya fomu, kabla ya kutia alama ya kidole, aliagiza tuandike sharti moja: rekodi zichezwe jua likishatua. Tumeliandika. Kila shule inayoomba ngano zake hupewa sharti hilo kwanza, iweke sahihi, ndipo ipewe sauti. Shule mbili za kutwa zimetuandikia zikiomba zilegezewe. Ombi lao ni la tatu katika ajenda ya mkutano ujao, iwapo akidi itapatikana.