Mafahali Wawili Katika Kompyuta Moja

Wahenga walilonga kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Mpenzi msomaji, nilidhani methali hiyo ni ya ng'ombe tu, hadi muhula wa tatu nilipotwikwa jukumu la kurekodi kwaya yetu kabla ya Kidato cha Nne kuingia mtihanini.

Tulikuwa na kompyuta kuukuu yenye Linux na visanduku viwili vya kuingizia sauti, kila kimoja na nafasi ya maikrofoni mbili. Mbili na mbili ni nne: soprano, alto, tenori na besi. Hesabu ya shule ya msingi! Nilijipiga kifua mbele ya kwaya nzima.

Siku ya siku ikawadia. Kiongozi wetu wa soprano akavaa hedfoni, akaanza. Hakumaliza ubeti.

"Aa, bana! Mbona sauti yangu inanifuata nyuma kama mkia?"

Watu wakaangua kicheko. Kosa lilikuwa langu. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone, bali huikinga kwanza kwenye bafa, mithili ya mtu akingaye maji kwa debe. Mimi nilikuwa nimepanga madebe matatu ya sampuli 1024. Kwa sampuli 48,000 kila sekunde, hizo ni milisekunde 64. Niliposhuka hadi 128 zikawa 8, naye akatabasamu. Ilibidi pia niiambie Linux iipe JACK, programu inayosafirisha sauti, zamu ya kwanza kabla ya kazi nyingine zote.

Tukaanza upya. Dakika moja hivi, mambo mswano. Kisha, trrr! Dakika nyingine, trrr! Jasho likanitiririka. Mwalimu wa muziki akatazama saa yake, akaniuliza polepole, "Sasa, kijana, tuendelee ama tulale?"

Usiku ule nilisoma hadi macho yakawa mekundu, na kumbe shida ilikuwa saa kweli! Kila kisanduku kina saa yake ndani. Kimoja kikitangulia kwa sampuli 2 tu kila sekunde, baada ya sekunde 64 debe zima la 128 limefurika au limekauka. Hakuna aliyekosea, ni mafahali wawili tu.

Kesho yake JACK ikafuata saa ya kisanduku cha kwanza pekee. Cha pili nilikipitisha kwenye zita-ajbridge, programu inayoinyoosha na kuibana sauti kidogo kidogo ili ilingane na saa hiyo. Kazi hiyo hula milisekunde kadhaa, kwa hivyo kiongozi nilimweka kwenye kisanduku cha kwanza pamoja na alto. Tenori na besi, wasio na hedfoni, wakaenda cha pili. Ucheleweshaji wao niliurudisha nyuma baadaye kwa mkono.

Tulirekodi nyimbo tatu bila trrr hata moja. Jumatatu iliyofuata Kidato cha Nne wakaingia mtihanini. Katika wimbo wa pili, ukisikiliza kwa makini, utasikia kengele ya chakula cha jioni na mtu wa besi akiharakisha ubeti. Hiyo sikuweza kuirekebisha.