Kamba, Vigingi na Pembe Mraba

Mwalimu mmoja wa hesabu alipoingia katika darasa la saba asubuhi moja, hakuandika neno lo lote ubaoni. Alimwamuru kila mwanafunzi achore pembetatu yo yote aipendayo, kisha azikate pembe zake tatu kwa makasi na kuzipanga pamoja, ncha kwa ncha. Hapakuwa na pembetatu mbili zilizofanana, walakini kila mtoto aliziona pembe zake zikikaa juu ya mstari mmoja ulionyoka. Mwaka uliotangulia walikariri ya kuwa jumla ya pembe hizo ni digrii 180, na walikariri vema sana. Lakini siku ile ndipo msichana mmoja alipouliza kwa nini.

Kuuliza huko ndiko faida ya somo. Mchoro hauthibitishi, maana penseli butu yaweza kumpa mtoto digrii 178, na mwalimu mwema humwambia hivyo waziwazi. Ila humfanya atamani uthibitisho. Hata Euclid, aliyefanya kazi huko Alexandria katika Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliianza hoja ya kwanza ya kitabu chake kwa kuchora: duara mbili zikatanazo, na humo pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa.

Watakuwapo wasemao kwamba shule yao haina bikari za kutosha. Kigingi, kamba na kijiti chenye ncha vyatosha uwanjani. Mwalimu huyo aliwatoa watoto nje, wakachora duara kubwa, kisha wakaipima duara hiyo kwa kamba ile ile iliyonyoshwa, wakitia alama kila ilipofika. Mara ya sita wakarudi hasa pale walipoanzia. Juma lililofuata wakatengeneza pembetatu ya kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5, wakaona pembe mraba ikijitokeza wenyewe wasipoitafuta.

Baba yake yule msichana hakupendezwa. Alisema kwamba fedha zake zaliwa na michezo ya makasi na kamba. Wakati huo alikuwa akitaka kujenga ghala la mahindi, naye amekwisha kutia vigingi kwa kukisia kwa macho. Jioni moja binti akapima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, akavuta kamba kati ya alama hizo mbili. Badala ya mita 5 akapata sentimita 12 zaidi.

“Baba, pembe hii si mraba.”

Mzee alinyamaza, akapima mwenyewe mara mbili, kisha akang'oa kigingi. Ilikuwa bahati kwamba msingi haujachimbwa.

Fundi mwashi alipofika siku ya pili, aliipima pembe kwa kamba yake, 3, 4 na 5, akaiona ni sawa, akauliza ni fundi gani aliyemtangulia.