Kamani ya saa ya mzee

Kwanza samahani kwa kimya cha wiki tatu. Niliahidi sehemu ya pili ya yale maelezo ya PHP na hifadhidata, na itakuja. Lakini wiki hizi zote, nikitoka kazini, nimekuwa nikiinamia kitu kisicho na waya hata mmoja ndani yake. Nilivunja saa ya baba yangu. Ama ndivyo nilivyodhani.

Saa yenyewe ni HMT Janata, ya kutia ufunguo. HMT walianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, na serikali ya India ikaamua kuifunga kampuni hiyo ya saa mwaka 2016. Janata maana yake ni wananchi, na kweli ilikuwa saa ya mwananchi. Mzee aliinunua mwaka 1983 kutoka kwa Mhindi waliyefanya kazi pamoja, na ndiyo iliyompeleka kwa miguu kutoka Jericho hadi Industrial Area kila asubuhi. Sisi watoto tulijua kumekucha tukisikia krrr, krrr, krrr. Alipostaafu na kurudi mashambani aliniachia. "Itie ufunguo kila asubuhi," akasema, "lakini usiikaze."

Basi Jumanne moja hapa Umoja, kabla sijapiga mswaki, natia ufunguo, nikasikia "tak!" Baada ya hapo kile kifungo kikawa kinazunguka tu, kama kifuniko cha chupa kilicholika nyuzi. Na mzee alikuwa anakuja Nairobi mwisho wa mwezi.

Nilifanya kile ninachofanya programu ikikwama: usiguse kitu kabla hujajua kilichoharibika. Kifungo kikizunguka bila kukaza, mambo ni matatu. Kamani imekatika, au imechomoka kwenye ndoano ya mhimili wake, au kile kijino kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma hakishiki. Kijino kingekuwa kibovu, ningetia ufunguo na kuhisi ukinzani, kisha kifungo kirudi chenyewe nikikiachilia. Hakikurudi. Nikabaki na mawili.

(Kwa asiyeijua kamani: ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo. Ukitia ufunguo unaukaza, nao ukijikunjua unaendesha magurudumu yote. Saa nyingi za aina hii hugonga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja, na nguvu yote inatoka kwenye utepe huo.)

Nilitandika shuka nyeupe mezani ili kitakachoanguka kionekane, nikapiga picha kwa simu kila nilipotoa skrubu. Kazini tukiharibu tunarudisha nakala ya jana. Hapa nakala ni picha tu, na picha hairudishi skrubu iliyopotea. Moja ilipotea kweli, siku ya pili, stima ilipokatika nikiwa nayo kwenye kibano. Niliipata kwa kupitisha sakafuni sumaku ya spika mbovu, baada ya kuipeleka saa kwanza chumba cha pili. Sumaku ikiukaribia ule waya laini wa nywele ulio kwenye gurudumu linalokwenda na kurudi, mizunguko yake hushikana na saa huanza kukimbia.

Nikafungua kikopo. Kamani ilikuwa vipande viwili, na pale ilipokatikia palikuwa na doa la kahawia. Kutu. Nilikaa nikilitazama lile doa kwa muda. Kamani za zamani za chuma cha kawaida huchoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila siku, na kutu kidogo tu kwenye ukingo kunatosha kuanzisha ufa. Kamani nzima ni vigumu kuikata kwa vidole viwili, kwa sababu ikijaa inakugomea. Kwa hiyo si mimi niliyeikaza. Ingekatika hata mikononi mwa mzee. Hilo nililijua kichwani, lakini tumbo halikukubali.

Jumamosi nilivitia vipande kwenye kiberiti nikashuka mjini kwa fundi mmoja wa saa, mwenye kasanduku ka kioo kando ya ngazi. Akavitazama kwa kile kioo chake cha jicho.

"Saa iko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Nataka kuitia mwenyewe."

Alicheka mpaka jirani yake wa kuuza vifuniko vya simu akageuka. Kisha akatoa mkebe wa mafuta ya nywele uliojaa kamani za saa zilizokufa, akalinganisha upana na unene, akanipa moja. Shilingi 150. "Vaa glavu," akasema. "Jasho ni kutu." Hakuniambia zaidi, na nadhani alifanya makusudi.

Kuitia ndiyo kazi. Mafundi wana kifaa cha kuikunja. Mimi nilikuwa na vidole ndani ya glavu za plastiki. Unaanza na ncha ya nje, unaibana kwenye ukuta wa kikopo, unaifuata polepole ukizungusha, na ukivuta juu hata kidogo inapinda kama pembe na haitalala tena sawa. Mara ya kwanza iliniruka ikaenda nyuma ya mtungi wa gesi. Mara ya nne ikakaa. Nikaunganisha yote, nikatia ufunguo, na kifungo kikazunguka bure. Dalili ileile kabisa! Nililala nikiwa na hasira na yule fundi.

Asubuhi nikatazama picha. Nilikuwa nimeikunja kinyume, ndoano ya mhimili ikawa inaipita bila kuishika. Dalili moja, chanzo kingine. Nimewaandikia hapa mara ngapi juu ya jambo hilo?

Jioni ile ikagonga. Ilikuwa inachelewa dakika 3 kwa siku na kusimama baada ya saa 31, lakini ilikuwa hai.

Mzee alipofika nilimweleza kabla hajaketi, pamoja na habari za kutu, nikijitetea kama mtoto. Akaiweka sikioni.

"Kamani? Hii ni ya tatu basi. Ya kwanza ilikatikia kwa mama yako, ya pili kwangu." Akaisikiliza tena. "Ulilipa ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Walikuibia."

Akaivaa. Jumapili tulipomsindikiza kwenye basi alikuwa bado nayo mkononi, na mimi sikuuliza.

PHP wiki ijayo, kweli.