Waandishi Waliovuka Daraja la Tana

Utotoni mwangu gazeti lilifika Garissa alasiri, kwa basi, likiwa limesafiri kutwa na magunia ya vitunguu. Abti wangu, kaka yake mama, aliwekewa nakala yake katika duka moja la Soko Mugdi. Ukurasa wa siasa ulisomwa kwa sauti na kutafsiriwa kwa Kisomali papo hapo, wazee wakiwa na vikombe vyao vya chai mkononi. Saa kumi na moja jioni gazeti liliwekwa kando, kwa kuwa idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa inaingia hewani na hakuna aliyethubutu kuzungumza. Kurasa za ndoa, mapenzi na malezi hazikusomwa barazani. Zilikuja nyumbani kwetu, wanawake, na mara nyingi zilikuja zimefungiwa sukari.

Ndivyo tulivyogawana dunia. Wanaume walichukua serikali, sisi tukachukua nyumba.

Nilisoma chochote kilichofika. Jarida la Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, lilipita mikononi mwa wasichana wa mtaa mzima wa Bulla Iftin hadi likapoteza jalada. Taifa Leo lilikuwa na Shangazi, aliyejibu barua za wapendanao bila kumung'unya maneno. Aliyenipendeza kuliko wote alikuwa Wahome Mutahi katika safu yake ya Whispers. Alimweka mke, watoto, baa ya mtaani na serikali katika ukurasa mmoja, ukicheka huku unajua kwamba mtu huyu aliwahi kufungwa, mwaka 1986, kwa tuhuma za kuwa katika Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Alifariki mwaka 2003. Kijana akiniuliza aanze na nani katika maandishi ya Kenya, bado namtaja Mutahi.

Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua nyumba yetu. Shangazi angeweza kumshauri msichana ambaye mchumba wake amechelewa kuja kujitambulisha. Angemshauri nini yule ambaye mchumba wake ameshushwa basini njiani kwa sababu hana karatasi? Mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa na kubeba kadi ya pekee ya rangi ya waridi. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa huku tangu enzi za vita vya Shifta hazikufutwa hadi 1991. Harusi, matanga, mtoto kupelekwa hospitali Nairobi, yote yalipita kwanza kizuizini, kwenye daraja la Tana. Kwetu hakukuwa na habari ya mapenzi isiyokuwa pia habari ya siasa, na mwandishi wa mjini hakuwa na namna ya kulijua hilo.

Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu vijijini kwa ngamia kutoka hapa Garissa. Wageni walikuja kupiga picha, nasi tulifurahi kwa sababu vitabu vilizidi kuwepo. Katika miaka hiyo nilikutana na From a Crooked Rib, riwaya ya Nuruddin Farah ya mwaka 1970, kuhusu Ebla, binti wa wafugaji anayekimbia ndoa aliyopangiwa na mzee. Tulikisoma kwa kupokezana, tukabishana kuhusu Ebla kama tunayemfahamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona msichana wa kwetu katikati ya kitabu. Nakipendekeza hasa kwa baba wenye mabinti.

Kisha, mwaka 2007, kikatoka Blood on the Runway cha S. Abdi Sheikh. Kinahusu Wagalla, kiwanja cha ndege karibu na Wajir, ambako Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali kuwa ni 380. Wenyeji wanahesabu maelfu. Nilikuwa nakisoma uani mama alipouliza kinasema nini, nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia ya Garissa, Novemba 1980: mtaa wa Bulla Kartasi ulivyochomwa moto, watu walivyosukumwa hadi uwanja wa shule ya msingi, wakakaa pale bila chakula wala maji. Nilikulia nyumba moja naye bila kuyasikia.

“Hooyo, mbona hukutuambia?”

“Nilikuwa na watoto wa kulea,” akasema. “Nikawalea.”

Kitabu kimoja kilimfungua mdomo mama yangu. Hiyo ndiyo sababu nakiweka juu ya vingine vyote. Miaka minne baadaye, Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kusikiliza ushahidi hapa Garissa, na mengi yaliyokuwa yakinong'onwa majumbani yakasemwa hadharani.

Wapo na wengine. Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, aliyeanza na wanawake wenzake mwaka 1993 kupatanisha koo, alishiriki kuandika Working with Conflict, kitabu cha mwaka 2000 ninachomshauri kila mwanasiasa wetu akisome kabla ya kupanda jukwaani. Alitutoka mwaka 2011 kwa ajali ya barabarani. Kambi za wakimbizi za Dadaab nazo zimetoa waandishi: Moulid Hujale, na Asad Hussein, aliyezaliwa kambini, akaandika kuhusu familia iliyogawanywa na safari ya Marekani, na baadaye akakubaliwa Chuo Kikuu cha Princeton. Dalle Abraham wa Marsabit huandika kuhusu kaskazini katika jarida la mtandaoni The Elephant, na nikimaliza makala yake naituma kwa jamaa zangu saa hiyo hiyo. Wote hawa wanakataa kutenganisha nyumba na serikali. Februari 2025 rais alipotangaza Wajir kwamba msasa wa ziada wa vitambulisho umekwisha, nilijua ni nani nitawasoma ili nielewe tangazo hilo litabadilisha nini mezani kwa mtu.

Ninachokitafuta bado ni kitabu cha mwanamke wa Garissa, kwa Kiswahili, kuhusu ndoa zetu: mahari, wake wenza, talaka, mume aliye Minneapolis na mke aliyebaki Bulla Iftin akilea watoto kwa simu na hawala. Sijakutana nacho. Usiku simu yangu hujaa sauti za dada zangu wakiyasema haya haya, kwa ufasaha ambao magazeti hayana. Dada zangu, andikeni. Mimi nitanunua nakala ya kwanza, na ya pili nitampelekea mama.